Ramani za setilaiti zinahesabu paa za Kasenga. Nani atataja majina ya watu?

Nchi yetu ilifanya sensa yake ya mwisho mwezi wa Julai 1984. Wakati ule iliitwa Zaire, na hesabu ilionyesha watu kiasi cha milioni 30. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule leo ana zaidi ya miaka 40, na huenda tayari ni nyanya au babu. Tangu hapo sensa ya pili imetangazwa mara nyingi, na serikali moja baada ya nyingine imeahidi kuifanya. Lakini kila mwaka chanjo zinagawiwa, vyandarua vinagawiwa, visima vinachimbwa na vituo vya afya vinapangwa. Vyote hivyo hupangwa kwa hesabu fulani ya watu. Swali ambalo makanisa yetu hayajaliuliza vya kutosha ni hili: ni hesabu ipi, na imetoka wapi?

Kwa sehemu kubwa, siku hizi inatoka angani. Katika miaka ya karibuni, ramani zilizotengenezwa kwa picha za setilaiti zimekuwa chombo cha kawaida cha wizara ya afya na mashirika ya misaada. Makala haya yanaangalia jambo hilo kwa kutazama sehemu moja, teritwari ya Kasenga katika jimbo la Haut-Katanga, ingawa yanayosemwa yanawahusu pia ndugu wa Uvira, Kalemie, Kalehe na Bunia.

Mji, mto na ziwa

Mji wa Kasenga uko kiasi cha kilomita 200 kaskazini-mashariki ya Lubumbashi, ukingoni mwa mto Luapula. Ng'ambo ya mto ni Zambia. Mto unashuka kuelekea kaskazini hadi ziwa Mweru, ambalo wengine huliita Moero. Tangu wakati wa ukoloni, samaki wa Luapula na Mweru waliipa chakula miji ya migodi. Wafanyabiashara Wagiriki walijenga mashua pale, wakanunua samaki na kuwapeleka Elisabethville, Lubumbashi ya leo, ili wafanyakazi wa shaba wapate kula. Hata sasa maisha ya Kasenga yanaufuata mto, iwe ni uvuvi, mashamba ya muhogo na mahindi, au biashara ya kuvuka mpaka.

Watu wa namna hiyo ni vigumu kuhesabiwa. Mvuvi anahama na samaki. Upande wa Zambia uvuvi hufungwa kila mwaka kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari, na watu husogea kufuatana na majira. Kambi ya wavuvi inayojaa mwezi wa Agosti inaweza kubaki vibanda vitupu miezi michache baadaye. Zaidi ya hayo, kaskazini ya teritwari hii kuna historia ya vita. Pembetatu ya Manono, Mitwaba na Pweto iliitwa pembetatu ya kifo, na mapigano ya Mai-Mai yaliwafukuza watu wengi kutoka vijiji vyao tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mwaka 2017 maelfu walivuka kutoka upande wa Pweto kuingia Zambia, katika wilaya ya Nchelenge. Daftari la kijiji lililoandikwa kabla ya mikimbio hiyo haliwezi kusema ukweli wa leo.

Setilaiti inavyohesabu

Kazi yenyewe si ya kichawi, na ni vizuri mchungaji au mzee wa kanisa aielewe. Setilaiti inapiga picha za ardhi. Kompyuta iliyofundishwa kutambua nyumba inazipitia picha hizo na kuweka alama juu ya kila paa. Kisha watu wanatumwa kwenye sehemu chache zilizochaguliwa, wanaingia nyumba kwa nyumba na kuhesabu wakaaji. Kutokana na sehemu hizo, wataalamu wanakadiria ni watu wangapi wanaishi chini ya paa moja mjini, wangapi kijijini, wangapi katika kitongoji kilichobanana. Mwishoni ramani yote inagawanywa katika vipande vidogo, kila upande mita 100, na kila kipande kinapewa makadirio ya idadi ya watu.

Kwa Kongo, kazi hii imefanywa hasa na mradi unaoitwa GRID3, pamoja na Ofisi Kuu ya Sensa ya serikali. Ndani yake wamo chuo kikuu cha Columbia cha Marekani, kundi la WorldPop la chuo kikuu cha Southampton cha Uingereza, shirika la Flowminder na shirika la Umoja wa Mataifa la idadi ya watu, UNFPA. Fedha zilitoka kwa wakfu wa Gates na serikali ya Uingereza. Haut-Katanga ni mojawapo ya majimbo yaliyofanyiwa makadirio ya namna hiyo.

Lubumbashi yenyewe ina nafasi yake katika historia hii. Mwaka 2014, Madaktari Wasio na Mipaka, Msalaba Mwekundu wa Marekani na wa Uingereza, pamoja na wachoraji wa ramani huru ya OpenStreetMap, walianzisha mradi wa Missing Maps, yaani ramani zinazokosekana. Mji wa kwanza waliojaribia ulikuwa Lubumbashi. Watu wa kujitolea waliokaa mbali, wengine London, walichora barabara na nyumba juu ya picha za setilaiti. Baadaye wanafunzi wa chuo kikuu cha Lubumbashi walitembea kwa miguu katika mitaa wakiandika majina ya barabara na ya kartiye. Sababu ilikuwa magonjwa ya mlipuko. Mgonjwa wa kolera akifika hospitali na kutaja kartiye yake, daktari aliyetoka nje hakujua ni wapi, na hakukuwa na ramani ya kumwonyesha.

Mambo matatu ambayo ramani inaona

Faida za kazi hii ni za kweli, na Kasenga inazionyesha wazi.

Ya kwanza ni kolera. Mwaka 2008 mtafiti Mkongo Didier Bompangue na wenzake walichapisha uchunguzi uliolinganisha wagonjwa wa kolera na mahali walipotoka, zoni ya afya kwa zoni ya afya. Matokeo yalionyesha kwamba ugonjwa haukutapakaa ovyo. Zoni zilizo kando ya maziwa ya mashariki ndizo zilizobaki na kolera hata wakati sehemu nyingine zimepona, na kutoka huko ilisafiri tena kuelekea ndani ya nchi. Nchi yetu ina zoni za afya 519. Kujua ni zoni zipi zinazohifadhi ugonjwa kunamaanisha kwamba maji safi yapelekwe huko kwanza, kabla ya mlipuko. Kukimbia na dawa baada ya watu kufa ni kuchelewa. Ndugu wa Uvira, Kalemie na Goma wanalijua jambo hili kwa machungu. Na watu wa Luapula, ambao huchota maji ya kunywa mtoni na kukaa kambini bila vyoo, wamo katika hatari ya namna ile ile.

Ya pili ni mafuriko. Luapula unatoka katika ziwa na vinamasi vya Bangweulu, huko Zambia. Vinamasi vile hunywa mvua za Desemba na Januari, kisha huziachia polepole. Kwa hiyo maji ya Luapula ya chini yanaweza kuendelea kupanda mwezi wa Machi na Aprili, hata mvua za Kasenga zikianza kupungua. Mtu anayetazama mawingu ya kwao tu hawezi kujua kinachokuja, kwa sababu maji yake yanaanzia nchi nyingine. Setilaiti haina mpaka. Tangu mwaka 2014 setilaiti za Ulaya ziitwazo Sentinel zinapita juu yetu mara kwa mara, na baadhi yake zinatumia rada inayoona ardhi hata usiku na hata chini ya mawingu ya masika. Picha zake ni bure kwa yeyote. Mwanafunzi wa Lubumbashi mwenye kompyuta na intaneti anaweza kuona maji yamefika wapi mwaka huu, akalinganisha na mwaka jana, kisha akaonyesha ni nyumba zipi zimejengwa katika njia ya maji.

Tukumbuke Kalehe. Tarehe 4 Mei 2023 mvua kubwa iliporomosha mito ya milimani juu ya Bushushu na Nyamukubi, na watu zaidi ya 400 wakafa. Vijiji vile vilikuwa vimekua juu ya udongo ambao mito yenyewe ilikuwa imeuleta katika mafuriko ya zamani. Picha za kutoka juu zilikuwa zinaonyesha hivyo kabla ya msiba. 

Ya tatu ni msitu. Lubumbashi inapika kwa makala, na barabara ya Kasenga ni mojawapo ya njia yanakopitia magunia. Watafiti wa chuo kikuu cha Lubumbashi wamelinganisha picha za setilaiti za Landsat za miaka tofauti katika eneo linalolisha mji makala. Mwaka 1990 msitu wa miombo ulifunika zaidi ya robo tatu ya eneo lile. Kufikia mwaka 2022 ulikuwa umeshuka chini ya nusu. Mama wa kijijini anayetembea mbali zaidi kila mwaka kutafuta kuni tayari analijua jambo hili kwa miguu yake. Ramani inamsaidia kulithibitisha mbele ya wakubwa ambao hawajawahi kutembea njia yake.

Yale ambayo ramani haioni

Hata hivyo lazima tuseme wazi: setilaiti inahesabu paa. Mtu haonekani.

Kibanda cha nyasi chini ya mwembe mkubwa kinaweza kumpita bila kuonekana. Nyumba ya bati inaweza kuwa ghala tupu, na jirani yake ikawa na familia tatu za wakimbizi. Tena watu hawakai nyumbani saa zote. Siku ya msiba wa Nyamukubi ilikuwa Alhamisi, siku ya soko. Hesabu ya paa za kijiji isingeweza kusema ni watu wangapi waliokuwa pale. Na ramani inazeeka haraka. Kambi za wakimbizi zilizoizunguka Goma mwaka 2024 zilibomolewa mwezi wa Februari 2025. Yeyote aliyepanga misaada kwa picha za miezi michache kabla alikuwa anapanga kwa ajili ya mahali pasipo na watu.

Halafu kuna majina. Katika Katanga vijiji vingi vinaitwa kwa jina la shefu. Shefu akifa, jina linaweza kubadilika. Kijiji kikihama kilomita tano kufuata barabara, jina linahama nacho, au linabaki mahali pawili. Karani aliyesoma Kifaransa anaandika jina la Kibemba kwa namna moja, muuguzi anaandika kwa namna nyingine, na kompyuta inadhani ni vijiji viwili. Kijiji chenye majina mawili kinaweza kupangiwa chanjo mara mbili. Kisicho na jina hakipangiwi chochote. Hapo ndipo tatizo linakuwa zito: mtoto asiyekuwa katika hesabu hatafutwi, kwa sababu hakuna anayejua kwamba amekosekana.

Kasisi wa Soho

Hapa kuna kisa cha zamani kinachotuhusu. Mwaka 1854 kolera iliupiga mtaa wa Soho mjini London, na katika majuma machache watu zaidi ya 600 wakafa. Daktari John Snow aliamini kwamba ugonjwa uko katika maji ya pampu moja ya barabara ya Broad Street. Wakati ule wakubwa wengi waliamini kwamba unaletwa na hewa mbaya. Snow alichora ramani, akaweka alama kwa kila kifo, na alama zikasongamana kuizunguka pampu ile. Ramani hiyo inafundishwa mpaka leo katika vyuo vya afya duniani.

Yasiyosemwa mara nyingi ni kazi ya kasisi kijana wa parokia ile, Henry Whitehead. Mwanzoni hakumwamini Snow. Akaamua kuchunguza mwenyewe ili amkosoe. Aliwafahamu watu wa mtaa kwa majina, aliingia nyumba zao, akajua nani alihama baada ya kufiwa na nani alikunywa maji yapi. Alivyozidi kuuliza ndivyo alivyoona kwamba Snow alisema kweli. Hatimaye ni yeye aliyepata chanzo. Mtoto mchanga wa nyumba namba 40 alikuwa ameugua kabla ya wengine, na mama yake alimwaga maji ya kufulia nepi katika shimo lililokuwa karibu sana na kisima cha pampu. Daktari alikuwa na ramani, kasisi alikuwa na majina. Ukweli ulithibitika walipokutana.

Sasa tuangalie makanisa yetu. Katika Kasenga, kama katika Kivu na Ituri, mahali ambapo serikali haina ofisi mara nyingi pana kanisa. Shemasi anajua ni familia ngapi ziko katika seli yake, mjane gani anaishi peke yake, nani amepokea ndugu waliokimbia. Kina mama wa maombi wanajua ni kisima kipi kimekauka na ni mtoto yupi hajachanjwa. Ujuzi huo ndio unaokosekana katika ramani za angani. Tunao, lakini hatuuandiki, na tukiuandika unabaki katika daftari linaloliwa na mchwa.

Biblia haioni aibu juu ya kazi ya namna hii. Katika Yoshua sura ya 18, makabila saba yalikuwa bado hayajapata urithi wao. Yoshua hakuigawa nchi akiwa ameketi Shilo. Alituma watu watatu wa kila kabila, wakatembea nchini, wakaiandika katika kitabu mji kwa mji, na baada ya hapo ndipo kura ikapigwa. Ugawaji wa haki ulitanguliwa na kuitembea nchi. Lakini Biblia hiyo hiyo, katika 2 Samweli 24, inaonyesha hesabu ya watu iliyofanywa na mfalme kwa ajili ya nguvu zake, nayo ikaleta msiba. Inafaa tuzishike sura hizo mbili pamoja.

Ramani inaweza kuumiza

Hofu ya watu wetu juu ya kuhesabiwa ina sababu. Katika nchi yenye makundi ya silaha, karatasi inayoonyesha wakimbizi wako nyumba gani ni silaha mkononi mwa adui. Orodha za majina, kabila au asili ya watu hazipaswi kutoka kanisani kwenda kwa mtu yeyote asiyejulikana vizuri, hata akija na kofia ya shirika. Kinachohitajika kwa chanjo au kisima ni jina la mahali, mahali lilipo, na idadi. Majina ya watu yabaki kwa wanaowachunga.

Pia kuna ramani ambazo tayari zipo, na sisi hatumo. Ofisi ya Kadastre ya migodi, CAMI, ina ramani ya nchi yenye miraba inayoonyesha nani amepewa ruhusa ya kutafuta au kuchimba madini. Sheria ya migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 inalazimisha kampuni inayochimba kutoa angalau asilimia 0.3 ya mapato ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoguswa na mgodi. Sasa jiulizeni: ni nani anayesema kijiji kipi kinaguswa? Kijiji kisichoandikwa katika ramani yoyote kitaanza mazungumzo hayo kwa kuthibitisha kwamba kipo. Vivyo hivyo kwa mradi wa barabara ya Kasomeno hadi Mwenda, wenye daraja juu ya Luapula katika teritwari hiyo hiyo ya Kasenga. Kila barabara kubwa inaleta swali la fidia za mashamba na nyumba.

Upande mwingine, ramani ya kijiji inaweza kuwa ngao. Dekri ya tarehe 2 Agosti 2014 inaruhusu jamii ya mahali kupewa msitu wake kisheria, mpaka hektari 50,000. Mojawapo ya kazi za lazima ni kuchora mipaka ya msitu huo pamoja na vijiji jirani na kukubaliana juu yake. Kwa vijiji vinavyoona miombo yao ikiondoka kwa malori ya makala, mlango huo upo wazi. Kuingia kunaanza na ramani.

Makanisa yafanye nini?

Hatuhitaji kungoja mradi kutoka nje. Kwanza, kila kanisa la mahali liandike orodha ya vijiji, kambi na vitongoji linavyovihudumia, pamoja na majina yake yote, ya zamani na ya sasa. Simu ya kawaida ya kisasa inaweza kusoma mahali ulipo bila intaneti. Kijana mmoja wa kwaya akisimama katikati ya kijiji na kuandika namba hizo, tayari kijiji kina anwani duniani.

Pili, orodha hiyo ipelekwe kwa muuguzi mkuu wa kituo cha afya na kwa shefu, na ilinganishwe na yao. Tofauti zikionekana, zijadiliwe pale pale. Hapo ndipo vijiji vilivyosahauliwa vinapatikana.

Tatu, wazee waulizwe maji yalifika wapi katika mafuriko makubwa wanayoyakumbuka. Alama iwekwe kwenye mti au jiwe, na vijana wasijenge chini yake. Picha za setilaiti za Landsat zilianza mwaka 1972, na kumbukumbu ya bibi inaweza kuvuka hapo.

Nne, vyuo vyetu vya Kiprotestanti na vijana wetu walio chuo kikuu wajifunze kazi hii. Programu za kuchora ramani zipo za bure, na OpenStreetMap inapokea mchango wa yeyote. Ni afadhali ramani ya Luapula irekebishwe na mtoto wa Luapula kuliko kubaki mikononi mwa mgeni mwenye nia njema asiyejua Kibemba wala Kiswahili.

Tano, tuidai sensa. Makadirio ya angani yametusaidia kwa sababu sensa haikufanyika, na hayawezi kuchukua nafasi yake. Raia ana haki ya kubishiwa hodi, kuulizwa jina na kuandikwa na serikali yake mwenyewe.

Mchungaji wa Luka 15 alijua kwamba kondoo mmoja hayupo kwa sababu alikuwa na hesabu ya wale 100. Asingekuwa nayo, wale 99 wangemtosha. Mvua za Katanga huanza kati ya Oktoba na Novemba. Kuandika orodha ya vijiji vya kanisa moja ni kazi ya Jumamosi mbili au tatu. Ikifanyika wakati wa kiangazi, itakuwa mezani mwa kituo cha afya kabla njia hazijafungwa na matope.